Anti, kwenye kioo napendeza ila kwenye kamera natoka kama nimemwagiwa unga wa muhogo

Anti shikamoo. Pole na kazi na pole na sisi tunaokuletea mizigo yetu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, nasoma nacheka napita, leo zamu yangu imefika.

Nina miaka 26, nakaa Mwanga hapa Kigoma mwisho wa reli. Mchana nauza duka la mtu, ila ina miezi minne sasa kuna vijana wa hapa mjini wana tivii yao ya mtandaoni, walinisikia nasherehesha kichenipati ya binamu yangu wakasema dada wewe maneno unayo na watu huwaogopi, njoo tufanye kazi. Kipindi chenyewe ni cha mambo ya ziwa, tunaongea na wavuvi, wamama wa dagaa, wanaokamua mawese, mafundi wa mitumbwi. Hela bado si ya kuihadithia lakini nakipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Sasa shida ni sura. Nina shoga angu, tumesoma wote toka darasa la tatu, ana saluni yake ndogo na ndo ananipaka meikapu kila tukienda kurekodi, bure kabisa, hajawahi kunidai hata mia. Nikikaa kwenye kioo chake najiona nimetoka bomba, video ikitoka sasa, uso wa kijivu, shingo nyeusi, mikono myeusi, yaani kama kichwa nimeazima. Mi mweusi Anti, weusi ule wa kung'aa, nimerithi kwa bibi. Kipindi cha pili mtu akakomenti "dada umetoka mashineni kusaga muhogo?" wakacheka wote humo chini, na unajua huku kwetu ugali wa muhogo ndo chakula chenyewe kwa hiyo utani ukashika, juzi mteja kaja kununua sabuni akanitazama weee akasema we si ndo yule dada wa unga.

Nikajipa moyo. Ikaja harusi Mwandiga, nilikua kwenye msafara wa bibi harusi na mpiga picha alikua anatumia flashi. Picha zilivyokuja nina vimwezi viwili vyeupe chini ya macho na paji la uso limewaka jeupe, bibi yangu akashika simu akauliza na huyu mzungu aliyekaa pembeni ni mgeni wa nani. Nimekaa nae mkeka mmoja hapo hapo Anti.

Nilivyomwambia shoga angu akasema tatizo si vipodozi tatizo ni mimi, ati kamera haipendi mtu mweusi sana, na faundesheni ya rangi yangu huku haipatikani kwa hiyo ngozi ndo inabidi iifate faundesheni. Kanichanganyia krimu kwenye kikopo, hakina lebo wala maandishi, kasema pakaa usiku wiki mbili tu utatakata. Kipo kabatini sijakifungua. Nikikataa naogopa ataona namdharau na wakati kanibeba sana.

Na baada ya wiki tatu tuna kipindi kikubwa, tunarekodi Kibirizi, ziwa liwe nyuma yangu, saa kumi na mbili jioni ili jua lionekane linazama. Hilo jua nikisimama dakika tano tu pua inawaka kama nimepakwa mawese, shoga angu anakuja kuniongezea poda juu ya jasho mpaka inashika mabaka. Nifanyeje Anti?

Dada wa Unga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Kwa bibi nimecheka mpaka nikaweka simu chini, nisamehe, ila nilipofika kwenye kikopo nikaacha kucheka.

Usikifungue. Usikijaribu hata kwenye mkono kuona inakuaje. Mkorogo usio na lebo hujui kilichomo, hata aliyeuchanganya mara nyingi hajui maana na yeye kauziwa vikopo vingine huko, ila vitu vinavyokutwaga humo vinajulikana, haidrokwinoni ambayo ni kemikali ya kutakatisha ngozi, zebaki, na zile krimu za steroidi kali ambazo daktari akikuandikia anakupa za siku chache upake sehemu ndogo inayoumwa, sio uso mzima kila usiku. Zebaki inapenya kwenye ngozi inaenda kuumiza figo. Steroidi inaikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana na jua likikupiga unaungua, na wewe kazi yako iko ufukweni. Haidrokwinoni ukiizoea miaka inakugeuka, uso unatoka mabaka ya weusi wa bluubluu ambayo hata ukiacha hayaondoki kirahisi. Kwenye vipodozi haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku hapa nchini na bado zinaingia.

Na hata tungeweka afya pembeni, kwa kamera ni hasara tupu. Mkorogo hauchukui mwili sawasawa, uso unatakata, masikio na vifundo vya vidole vinagoma. Sasa wewe ni mtangazaji, mkono unashika maiki hapa karibu na mdomo, uso na vidole viko kwenye fremu moja. Watatoka kwenye unga waje kwenye vidole.

Ila shoga ako hakulitunga lile la kamera kutopenda weusi, lina mizizi yake. Zamani za filamu za mkanda, Kodak, kampuni ya filamu za picha, walikua wanapeleka kwa wasafisha picha kadi ya kupimia rangi, ina picha ya mwanamke mzungu, kadi ikaitwa Shirley kwa jina la wa kwanza wao, na rangi za picha zikawa zinarekebishwa mpaka yule mama atoke vizuri, mweusi ukikaa nae picha moja unatoka macho na meno. Na ujue waliosukuma Kodak waboreshe filamu zao kwenye rangi za kahawia walikua watengeneza chokoleti na wauza fanicha, walilalamika bidhaa zao hazionekani tofauti zake. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Lakini hiyo ni hadithi ya mkanda, simu za siku hizi zina uwezo, mwaka 2021 Google walitoa simu wakajinadi kabisa kwamba kamera yake imefundishwa ngozi nyeusi. Kwa hiyo weusi wako tuuache ulipo, tuje kwenye kopo la faundesheni.

Kijivu kile kinatokea hivi. Faundesheni ili iwe nyepesi ya rangi wanaweka unga mweupe unaitwa titaniamu dioksaidi, rangi ikiwa ya mtu mweupe zaidi ndo unga unazidi. Ukiuweka juu ya ngozi nyeusi ule weupe unakaa juu na weusi unachungulia kwa chini, vikikutana vinatoa majivu. Sio kwamba hukupakwa vizuri, hata apake fundi wa wapi, rangi isiyo yako ikikaa juu ya rangi yako inatoa majivu.

Vile vimwezi vya Mwandiga ni kitu kingine ila ni ndugu yake. Hiyo hiyo titaniamu, na zinki oksaidi inayowekwa kwenye vitu vya kuzuia jua, na ile poda nyeupe laini sana wanayosema haina rangi ambayo nyingi ni silika, flashi ikizipiga zinarudisha mwanga kwenye kamera. Kwenye kioo huoni kitu kwa sababu kioo hakina flashi. Chini ya macho ndo pamewaka zaidi kwa sababu nina uhakika pale alikujazia poda akaiacha ikae ili konsila, ile ya kuficha weusi chini ya macho, isikunjamane, si ndio? Hiyo kitu anayetumia flashi hapendi kabisa kukutana nayo. Na kama ni poda ya mtoto basi ndo kabisaa, ile imetengenezwa kwa ajili ya makalio ya mtoto, sijui nani aliipandisha usoni.

Sasa rangi yako utaipataje. Kwanza usipime kwenye mgongo wa mkono, mkono wako unakula jua na sabuni ya duka kutwa nzima, rangi yake sio ya uso. Pima kwenye taya, pale uso unaposhuka kuingia shingoni, chora mistari mitatu ya rangi tatu, halafu toka nje ya saluni. Toka kabisa, simama kivulini sio juani, na usubiri dakika kumi na tano maana faundesheni nyingi zikikaa zinaiva zinabadilika, ile uliyoipenda dakika ya kwanza inaweza kugeuka. Mstari ambao umeutafuta hujauona ndo wako.

Hili la kutoka nje nililipata kwa aibu. Nilikua napamba maharusi Tabora, mtaa wa Ng'ambo, chumba kina pazia la kijani limefungwa ili watu wasichungulie, na mimi kijana najiona fundi. Pazia lile lilikua linatia kila kitu ukijani, mi naona uso wa bibi harusi umepooza basi naongeza wekundu, bado umepooza, naongeza. Nikamtoa nje chini ya mwembe. Mama yake akashika kiuno akauliza mwanangu kapigwa na nani? Tulimwosha uso gari la bwana harusi likiwa linapiga honi barabarani. Toka siku hiyo kioo cha ndani sikiamini, na taa za saluni ndo kabisa, kuna tyubu za kijanikijani na balbu za njano, zote zinadanganya kwa namna yake.

Kuhusu kutopatikana, huko hajakosea sana, maduka mengi ya mikoani yanaleta rangi za katikati zinazotoka haraka na weusi wa kwako wanauruka. Lakini zipo. Iman, yule mwanamitindo Msomali, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994 kwa ajili ya ngozi kama zetu, Fenty Beauty wakaja 2017 na rangi 40 kwa mpigo na kampuni nyingi zikafata kwa aibu, siku hizi hata za bei ya kawaida zina rangi za chini kabisa. Sikwambii ununue hizo za bei mbaya. Nakwambia zunguka, muulize anayeleta mzigo kutoka Kariakoo akuletee rangi mbili za mwisho kwenye mstari, zile zinazoonekana kwenye chupa kama nyeusi za kutisha, na usichague kwa kuangalia picha ya kwenye simu maana picha ndo imekufikisha hapa. Ukikosa inayolingana sawasawa chukua nyeusi kuliko wewe kidogo uchanganye na hiyo ya shoga ako tone kwa tone kwenye kisahani. Nyeusi inatengenezeka. Nyeupe peke yake hapana. Na angalia weusi wako umelalia wapi, kuna weusi wa wekundu na kuna weusi wa unjano, wa kung'aa kama wako mara nyingi una wekundu kwa chini, ukipakwa ya kijivu unapooza hata kama giza lake ni sawa.

Jasho la Kigoma silipingi, ziwa lile linakupa upepo na unyevu kwa pamoja. Ila poda juu ya jasho ndo tope, hakuna siri nyingine hapo. Kaa na tishu mfukoni, kabla ya kuongeza chochote bandika tishu usoni, kandamiza, bandua, usisugue. Tishu ikibaki kavu ndo poda ije, poda yenye rangi yako sio nyeupe, na ije kwenye paji, pua na kidevu tu, mashavu yaache yapumue. Mng'ao kidogo kwenye shavu la mtu mweusi ni uzuri kwenye kamera usiuue wote. Mafuta ya asubuhi pakaa kidogo usubiri yaingie ndo uanze faundesheni, nyembamba, kamera za sasa zinaona tabaka kama fundi anavyoona plasta. Vile vya kumetameta vya mashavuni viache kwa ajili ya harusi, kwenye video vinaonekana jasho. Blashi na lipstiki ndo ongeza kidogo kuliko unavyodhani maana kamera inakula rangi, ila chagua za nguvu, rangi ya tofali, ya zambarau iliyoiva, zile pinki za maziwa zitakurudisha kwenye unga.

Wanja na maskara nunua vyako. Mapambo ya macho hayaazimwi hata na ndugu, macho mekundu yanahama kwa brashi.

Sasa Kibirizi, na hapa ndo nataka uwasomee hao vijana wako kwa sauti. Ziwa liko magharibi yenu. Ukisimama ziwa likiwa nyuma saa kumi na mbili jioni, jua linashuka kwenye milima ya Kongo huko nyuma ya kichwa chako, kamera inaona mwanga mkali nyuma inajipunguza, na uso wako unabaki giza. Hapo upakwe usipakwe watu wataona kivuli kinachoongea. Wakijaribu kukuongezea mwanga kwa kompyuta baadae uso unatoka kijivu na chengachenga, yaani mnautafuta unga kwa njia nyingine. Fanyeni asubuhi. Jua linatokea nchi kavu, nyuma ya mpiga kamera, linakupiga wewe usoni taratibu na ziwa nyuma linakaa na bluu yake, na wamama wa dagaa ndo wanaanika saa hizo, pana kitu cha kuonyesha. Kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu hivi, baadae jua likipanda linakuchimba mashimo chini ya macho na jasho linaanza.

Wakikwambia lazima jua lizame basi mahojiano yarekodiwe asubuhi, jioni waje wachukue jua lao peke yake wabandike mwisho. Wakigoma kabisa, na vijana wa kamera wanajua kugoma, mtu mmoja asimame mbele yako chini kidogo ameshika shuka jeupe limenyooshwa au mfuniko wa lile boksi jeupe la samaki, kilichopo, akurudishie mwanga usoni, na anayerekodi aguse uso wako kwenye skrini ili simu ipime mwanga pale na sio kwenye maji. Na wazime ile ya kurembesha sura, inalainisha ngozi na nyingi zinaitakatisha pia bila kukuuliza, inawezekana robo ya kijivu chako inatoka humo.

Nimebakiza shoga ako.

Miezi minne anakupaka bure, anatumia vitu vyake, na hajakununia. Huyo sio adui. Ila kwa kuwa ni bure wewe huna pa kulalamikia na yeye hana sababu ya kununua faundesheni ya mteja mmoja asiyelipa, hebu jiweke kwenye kiti chake. Kwa hiyo anza kumlipa, hata kidogo, hata kwa kugawana kile unachopata kwa kipindi. Akikataa mwambie basi mimi nanunua faundesheni na poda yangu, wewe weka mkono. Halafu usimwambie umeniharibu sura, mwambie shoga twende tukajipime. Mpige wewe na yeye picha mkiwa mmepakwa, moja dirishani bila flashi, moja na flashi ndani kwenye giza kidogo, muangalie pamoja. Yule ni fundi, akiona vimwezi kwa macho yake atashtuka mwenyewe, na wateja wake wa harusi wote anawapeleka kwenye flashi, utakua umemsaidia kazi. Mfanye hivyo wiki hii, msingoje siku ya kurekodi.

Kikopo ndo mwambie waziwazi, hapo usizunguke. "Shoga hii sipaki, ngozi hii ni ya bibi na naipenda." Akinuna atanuna siku mbili. Usimrudishie maana kesho atampa binti mwingine, na usikimwage chooni wala ziwani, watu wanakunywa maji yale, kama kina zebaki kitakaa humo. Kifunge kwenye mfuko, kiweke mbali na watoto, siku ukipita hospitali muulize afisa afya wanapokea wapi vitu kama hivyo. Na muulize na yeye taratibu, mkiwa wawili, kama anajipaka mwenyewe, tangu lini, na kama miguu inamvimba au ngozi inamuwasha jua likiwaka. Akisema ndio mpeleke akapime, usiende mikono mitupu, mnunulie na migebuka njiani.